Mtoto wa Mfanyakazi Afungue Kinywa: Somo juu ya Kiingereza cha Kusema na Michezo ya Kuigiza Shuleni



Katika masomo yaliyopita tulizungumza juu ya mikataba, juu ya saa za ziada na juu ya kazi ya mjumbe wa wafanyakazi kiwandani. Safari hii tunaingia shuleni. Wako watakaouliza: chama cha wafanyakazi kinatafuta nini katika mambo ya watoto kuigiza michezo na kusema Kiingereza? Si afadhali tuendelee na habari za mshahara? Tunawaomba wavumilie kidogo, kwa maana habari za mshahara zimo humu humu.

Sisi tunaofanya kazi ya chama katika Jinja na Mbale tumekaa katika vikao vingi ambako mfanyakazi ameitwa kujibu mashtaka. Mara nyingi mambo huenda hivi. Mwenzetu ni fundi hodari, mashine yake anaijua kama anavyoijua nyumba yake. Usiku wa kuamkia kikao ametueleza habari yake vizuri kabisa, kwa Kisoga au Kigisu au Kiswahili, tangu mwanzo mpaka mwisho, na tumeona wazi kwamba haki iko upande wake. Asubuhi anaingia ofisini. Mezani wamekaa watu watatu na faili. Meneja anauliza swali kwa Kiingereza. Mwenzetu anatazama chini, anakunja kofia mikononi, anajibu "Yes, sir." Kumbe swali lilikuwa kama ni yeye aliyeacha mashine ikizunguka bila mtu. Karani anaandika kwamba mshtakiwa amekubali kosa.

Sheria ya kazi ya Uganda ya mwaka 2006 haikumwacha mtu huyu mikono mitupu. Kifungu cha 66, kama sheria ilivyochapishwa mwaka ule, kinamtaka mwajiri, kabla hajamfukuza mtu kwa kosa au kwa kazi mbovu, amweleze sababu kwa lugha ambayo mfanyakazi anatazamiwa kuielewa, kisha asikilize maneno yake. Kinampa pia nafasi ya kuwa na mtu mwingine aliyemchagua mwenyewe. Kwa hiyo mwenzetu yule angeweza kusema: sikuelewa, nielezeni kwa Kiswahili. Lakini hata maneno hayo machache yanataka mtu wa kuyatamka, mbele ya ile meza, wakati ule ule, wala si baadaye akiwa njiani kurudi nyumbani.

Tumejiuliza sana hofu hii inatoka wapi. Si hofu ya kufukuzwa peke yake. Mtu huyo huyo ukimkuta sokoni anabishana bei mpaka muuza samaki anachoka. Ukimkuta kwenye mpira sauti yake inavuka uwanja. Basi yeye si bubu, wala si mpole kwa tabia. Hofu yake ni ya mahali fulani: penye meza, penye karatasi, penye Kiingereza, na penye mtu mkubwa anayemtazama. Na mahali pa kwanza alipokutana na vitu hivyo vinne kwa pamoja ni darasani, akiwa na umri wa miaka saba.

Wengi wetu tulisoma shule ya msingi tu, na tunakikumbuka kile kibao. Mahali pengine kilikuwa mbao, pengine mfupa, pengine gunia la kuvaa. Mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama yake alifungwa kibao shingoni, naye akatakiwa amtafute mwenzake atakayekosea ili ampe. Jioni wote waliokivaa wakapigwa. Mwandishi wa Kenya, Ngugi wa Thiong'o, ameeleza mambo ya namna hiyo hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha, akikumbuka shule za kwao za miaka ya 1950. Kwa hiyo halikuwa jambo la shule moja wala nchi moja. Mpaka siku hizi bado tunasikia habari za kibao katika shule nyingine.

Kibao kile kilikusudiwa kufundisha Kiingereza. Kilichofundishwa kweli ni mambo mawili. La kwanza ni kupeleleza wenzako, jambo ambalo nyapara mbaya hulifurahia sana baadaye. La pili ni kunyamaza. Mtoto mwerevu aligundua upesi kwamba asiyesema kitu hashikwi kwa lugha yoyote. Akakaa kimya miaka saba, akafanya mitihani yake kwa kalamu, akatoka. Huyo ndiye tunayemkuta miaka ishirini baadaye akikunja kofia mbele ya meneja.

Hata pasipokuwa na kibao, hesabu yenyewe inamnyima mtoto nafasi ya kusema. Mwaka 1997 serikali ilipoanza mpango wa elimu ya msingi kwa wote, wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka kama milioni 3 mwaka 1996 hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja. Jambo hilo lilikuwa jema. Watoto wengi wa wakata miwa na wachuma kahawa wasingeingia shule bila mpango huo. Lakini madarasa yakajaa, na mengi bado yamejaa. Sasa chukua darasa la watoto 90 na kipindi cha dakika 40. Mwalimu hata akikaa kimya kabisa kipindi chote, kila mtoto akisema peke yake kwa zamu, haifiki nusu dakika kwa mtoto. Na mwalimu hawezi kukaa kimya kipindi chote. Kinachobaki ni ile sauti tunayoisikia tukipita nje ya shule: watoto wote pamoja wakijibu "Yes, teacher!" Katika sauti hiyo mtoto mwoga hujificha vizuri sana.

Tena mtihani wenyewe haumuulizi. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi una masomo manne: Kiingereza, hesabu, sayansi na elimu ya jamii. Yote manne ni ya kalamu. Hakuna mtu anayekaa mbele ya mtoto akamwambia, sema nikusikie. Nasi tunajua kutoka kiwandani kwamba kazi isiyohesabiwa na msimamizi haifanywi kwa bidii. Mwalimu anafundisha kinachopimwa. Hatumlaumu, yeye naye ni mfanyakazi, na wakubwa wake humuuliza matokeo.

Hapa tuseme neno juu ya lugha, kwa sababu jambo hili huleta ugomvi katika mikutano ya wazazi. Tangu mwaka 2007 utaratibu wa serikali ni kwamba mtoto wa darasa la kwanza mpaka la tatu afundishwe kwa lugha ya mahali anapoishi, na Kiingereza kiwe somo. Darasa la nne ndipo wanaanza kuvuka kuingia Kiingereza. Wazazi wengi, hasa wa mjini, hawakupenda. Wanasema mtoto anapotezewa wakati. Sisi tunaona hao wamekosea. Mtoto anayejifunza kusoma kwa lugha anayoielewa anajua kwamba maandishi ni maneno ya watu, na anaweza kuuliza na kubisha. Anayefundishwa tangu siku ya kwanza kwa lugha asiyoijua anajifunza kuitikia tu. Lakini katika laini za mashamba na katika mitaa ya Walukuba pana watu wa kila kabila, Wasoga, Wagisu, Waacholi, Walugbara, Wateso, na lugha ya mahali si jambo rahisi kuamua. Kiswahili kingefaa, na Katiba ilikwisha kukitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wa kutosha ni habari nyingine.

Pamoja na hayo, hatutawadanganya wasomaji wetu. Barua ya kuajiriwa inaandikwa kwa Kiingereza. Mahakama inaandika kwa Kiingereza. Maandishi juu ya chupa ya dawa ya kunyunyizia miwa ni ya Kiingereza. Mtoto wa mfanyakazi lazima akipate, na akipate kinywani, siyo kwenye daftari peke yake. Tunachokataa ni kukipata kwa aibu. Na njia moja tunayoijua ya kukipata bila aibu ni mchezo wa kuigiza.

Kwa nini mchezo? Tuanze na jambo la nyumbani. Ndugu zetu wa Bugisu, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, hufanya sherehe za imbalu za kutahiri vijana, zikifunguliwa katika uwanja wa Mutoto karibu na Mbale. Siku yake kijana anasimama wima mbele ya umati, na anatakiwa asipepese jicho. Wageni huutazama ushujaa wa siku ile tu. Lakini mtu aliyekulia Mbale anajua kwamba siku ile ina siku nyingi nyuma yake. Kijana ametembea kijiji hadi kijiji akicheza ngoma na kuimba, ametembelea wajomba na shangazi, ametazamwa kwanza na watu kumi, kisha hamsini, kisha mia. Kila alipopita amesimamishwa, ameulizwa, amekemewa, amesifiwa. Wenzake wako naye, nyimbo anazijua, hatua za miguu anazijua. Hakuna Mgisu anayemwamsha kijana wake asubuhi moja na kumwambia, haya, kasimame mbele ya watu elfu moja. Shule zetu, kwa upande wa Kiingereza, zinafanya jambo hilo hilo ambalo Mgisu asingelifanya: mtoto anayamazishwa miaka yote, kisha siku ya mahojiano ya kazi anaambiwa asimame na kujieleza.

Mchezo wa kuigiza unamtayarisha mtoto kama anavyotayarishwa yule kijana. Kwanza, maneno anapewa mapema. Hatafuti maneno na ujasiri kwa wakati mmoja, kwani vyote viwili pamoja ni mzigo mzito. Pili, si yeye anayesema. Anayesema ni daktari, au hakimu, au bibi mkorofi. Akikosea, amekosea bibi mkorofi. Tumemwona msichana asiyejibu hata salamu ya mwalimu akipewa kuwa askari wa trafiki, akamfokea dereva wa matatu kwa Kiingereza mpaka darasa likacheka kwa furaha. Tatu, kurudia hakuchoshi. Mwambie mtoto aandike sentensi moja mara ishirini, atakuchukia. Katika mazoezi ya mchezo ataisema mara hamsini naye mwenyewe atataka mara ya hamsini na moja. Nne, na hili wana chama watalielewa upesi, mwenzako anakungoja. Usiposema neno lako, yeye hawezi kusema lake, mchezo unasimama. Mtoto anajifunza kusikiliza mpaka mwisho wa maneno ya mwenzake, kisha kujibu. Huko ndiko kuzungumza. Wengi tunajua Kiingereza cha kujibu maswali kwenye karatasi, lakini hatujawahi kupewa zamu katika mazungumzo.

Na ile hesabu ya nusu dakika, je? Wagawe watoto 90 wawili wawili, kila jozi na mazungumzo yake. Kwa dakika 40 kila mtoto anaweza kupata karibu dakika 20 za kusema. Darasa litakuwa na kelele kama soko, na mwalimu mkuu atakuja kuchungulia dirishani. Mwacheni achungulie. Wagawe kwa makundi ya watu sita wakatunge mchezo mfupi, kila mmoja anapata dakika sita au saba. Ni mara nyingi kuliko alizopata kwa mwezi mzima wa kuitikia.

Hatua zenyewe ni rahisi, wala hazitaki ukumbi. Mwanzo watoto waseme maneno wote pamoja, wakibadilisha sauti: kama mtu mwenye hasira, kama mtu anayeomba, kama mtu anayenong'ona kaburini. Kisha nusu ya darasa iulize, nusu ijibu. Kisha wawili wawili wakiwa wamekaa. Kisha wawili wawili wakiwa wamesimama. Mwisho, wale walio tayari waje mbele, na wale wasio tayari wasilazimishwe wiki hiyo. Mwalimu asikatize maneno ya mtoto aliye katikati ya mchezo ili kusahihisha sarufi. Aandike makosa pembeni, ayazungumze baadaye kwa darasa lote bila kutaja jina. Jambo hili moja linazidi mengine yote tuliyoyasema. Mtoto aliyekatizwa mara tatu hatarudi mbele.

Michezo iwe ya mambo wanayoyajua. Mama amempeleka mtoto zahanati, muuguzi anauliza, mtoto mkubwa anatafsiri. (Watoto wetu wengi wanaifanya kazi hiyo kwa kweli, ya kuwa mkalimani wa wazazi wao, na hakuna aliyewahi kuwafundisha.) Mzee ameletewa barua ya umeme isiyo yake. Mkata miwa anapimiwa mzigo na mpima mizani ana haraka. Mtoto amepewa chenji pungufu. Katika kila mchezo yawemo maneno matatu ya Kiingereza ambayo sisi tungetaka kila mtoto wa mfanyakazi atoke nayo shuleni hata kama mengine yote yatasahauliwa: "I did not understand." "Please say it again." "I have not finished." Yaani sikuelewa, tafadhali sema tena, na bado sijamaliza. Mtu mwenye maneno hayo matatu, na uzoefu wa kuyasema huku akimtazama mtu usoni, ni vigumu kumwandikia kwamba amekubali kosa.

Wala mambo haya si mageni katika nchi yetu. Milton Obote, aliyesoma Busoga College Mwiri, juu ya kile kilima kinachotazama mashamba ya miwa ya Kakira, aliigiza Julius Caesar alipokuwa mwanafunzi Makerere. Mchezo huo huo wa Shakespeare, Mwalimu Nyerere, naye mtu wa Makerere, aliutafsiri kwa Kiswahili ukachapishwa mwaka 1963, na toleo la mwaka 1969 likaitwa Juliasi Kaizari. Hatusemi kwamba kila aigizaye Kaizari atakuwa rais. Tunasema tu kwamba watu hao wawili, waliokuja kuzungumza mbele ya maelfu, walipita katika mchezo. Mwezi wa Novemba 1962, mara tu baada ya uhuru, wanafunzi wa Makerere waliigiza mchezo wa kwanza mkubwa wa Ngugi katika Jumba la Michezo la Taifa, Kampala, jumba lililofunguliwa mwaka 1959. Mwaka 1965 Makerere ikaanzisha kikundi cha michezo cha kusafiri, kikienda mikoani bila kutoza kiingilio, kikiigiza kwa Kiingereza na kwa lugha za watu, Kiswahili kikiwamo. Wanafunzi hao walilazimika kusema mbele ya wakulima waliokuwa wamesimama juani, ambao wasiposikia huondoka. Tunadhani hiyo ilikuwa shule kali kuliko ukumbi wowote.

Tena mchezo una nguvu, na wenye amri wanajua. Byron Kawadwa, mtunzi wa michezo na mkuu wa Jumba la Michezo la Taifa, alikamatwa na watu wa Idi Amin mwaka 1977 na kuuawa, muda mfupi baada ya kurudi kutoka tamasha la sanaa la Lagos. Mwaka ule ule, upande wa pili wa mpaka, ndiko yalikotokea mambo ya Kamiriithu, ambayo kila mfanyakazi wa Afrika ya Mashariki angefaa kuyajua.

Kamiriithu ni kijiji cha Limuru, Kenya. Watu wake wengi walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha viatu na wa mashamba ya chai, na wakulima wadogo. Walikuwa na kituo cha elimu ya watu wazima. Walipokwisha kujifunza kusoma wakauliza: tusome nini sasa? Ngugi wa Thiong'o na mwenzake Ngugi wa Mirii wakaandika mchezo kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, juu ya mfanyakazi wa shamba na kipande chake kidogo cha ardhi anachonyang'anywa. Lakini wanakijiji hawakukaa kuutazama. Walijenga jukwaa wenyewe, la wazi, lenye nafasi ya watu zaidi ya elfu mbili. Wakaigiza wenyewe. Nao wakawasahihisha waandishi: mzee hazungumzi hivi mbele ya mkwewe, kiwandani kazi haiendi hivyo, inaenda hivi. Watu waliokuwa wamezoea kuitikia wakawa wanamfundisha mtu wa chuo kikuu lugha yao. Mazoezi yalikuwa wazi, kila mtu apitaye aliona, hata siku ya kuonyesha ilipofika mwezi wa Oktoba 1977 kijiji chote kilijua maneno. Tarehe 16 Novemba serikali ikafuta ruhusa. Tarehe 31 Desemba Ngugi akawekwa kizuizini, akakaa humo karibu mwaka mzima. Walipojaribu mchezo mwingine, mwezi wa Machi 1982 jukwaa na jengo likabomolewa.

Mtu atasema: lakini huo ulikuwa mchezo wa Kikuyu, na ninyi mnahubiri Kiingereza. Ndiyo. Na ndiyo sababu tunautaja. Ujasiri hauji na lugha. Unaanza katika lugha unayoiota, kisha unahamia. Mwalimu wa Mbale anayewaacha watoto wa darasa la pili waigize hadithi ya sungura kwa Kigisu anafanya kazi ya Kiingereza cha darasa la sita, hata kama mkaguzi haoni hivyo.

Sasa tuseme mabaya. Katika shule nyingi mchezo wa kuigiza upo, lakini ni wa siku ya wageni. Mwezi mmoja kabla, mwalimu anachagua watoto wale wale watano wenye kinywa, mara nyingi watoto wa watu wenye nafasi, anawafundisha kama kasuku, wazazi wanatozwa pesa za mavazi, mgeni rasmi anapiga makofi, kisha kimya mpaka mwaka ujao. Mchezo wa namna hiyo unamdhuru mtoto mwoga zaidi kuliko kutokuwa na mchezo, maana unamthibitishia kwamba kuna watu wa kusema na watu wa kupanga viti. Tunachotaka ni mchezo wa Jumanne ya kawaida, usio na mgeni wala mavazi, ambao kila mtoto ana zamu. Wazazi wakatae michango ya mavazi. Kitenge cha mama kinatosha kumfanya mtu malkia.

Jambo la wasichana linataka uangalifu. Mazoezi yakiwekwa jioni, msichana hayuko. Yuko kisimani au anapika. Yakiendelea mpaka giza, mzazi mwenye akili anamkataza, na ana haki, kwa maana njia za mashamba ya miwa usiku si za mtoto wa kike. Basi mazoezi yawe saa za shule, na yakipita hapo yaishe jua likiwa juu, na asiwepo mwalimu anayebaki na mtoto mmoja. Uganda ilikuwa na Rose Mbowa, aliyefariki mwaka 1999, mwigizaji mkubwa aliyekuwa mwalimu wa michezo Makerere. Wasichana kama yeye wako laini, ila hawajapewa zamu.

Na mwalimu tusimsahau. Tunapomwomba afanye mchezo baada ya saa za kazi, tunamwomba kazi ya ziada bila malipo, jambo ambalo sisi wenyewe kiwandani tunaligomea. Kamati ya wazazi ifikirie: wengine wapeleke posho na maharage, wengine wachukue zamu ya kusimamia watoto uwanjani, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya afundishe sauti. Kwa sekondari mambo ni mepesi kidogo. Mtaala mpya wa madarasa ya chini ulioanza mwaka 2020 una somo la sanaa za maonyesho, na sehemu ya alama, asilimia 20, inatoka katika kazi anazofanya mwanafunzi shuleni katika muda wote wa masomo. Mzazi mwenye mtoto huko akaulize kwa mwalimu mkuu: somo hili lipo hapa? Nani analifundisha? Usiogope kuuliza kwa Kiswahili.

Nyumbani je, kwa mzazi asiyejua Kiingereza? Ana kazi kubwa kuliko anavyofikiri. Mtoto akirudi, amweleze mama kwa lugha ya nyumbani alichojifunza, na mama amsikilize mpaka mwisho huku akipepeta mchele. Tangazo la chama likibandikwa laini, mtoto alisome kwa sauti watu wasikie. Atumwe dukani kuuliza bei, na asipigwe akirudi na jibu pungufu. Tunajua desturi zetu, mtoto hasemi mbele ya wakubwa bila kuruhusiwa. Basi aruhusiwe. Kumruhusu hakuvunji heshima. Na wakubwa wasicheke Kiingereza chake, hasa wale wasiokuwa nacho.

Mwisho, matawi yenyewe yaanze. Augusto Boal, mtu wa Brazil, alipofanya kazi katika kampeni ya kufundisha watu kusoma nchini Peru mwaka 1973, alijaribu aina ya mchezo ambayo mtazamaji anaweza kuinuka, akasema simamisheni, akachukua mahali pa mwigizaji na kujaribu jibu jingine. Sisi tunaona inafaa sana kwa kikao cha nidhamu. Wekeni meza, viti vitatu na faili tupu. Mmoja awe meneja, mwingine karani, mwingine mshtakiwa aliyepewa barua ya onyo. Waanze. Mshtakiwa akikwama, mtu yeyote aliyeketi aseme simamisheni, aje akae pale ajaribu yeye. Kisha mwingine. Leteni na watoto wenu wa darasa la saba wacheze meneja, kwa Kiingereza chao cha shule. Wataifurahia kazi hiyo kupita kiasi.

Kwa vikundi vya masomo tunaacha maswali haya ya kuzungumza. Katika shule ya watoto wenu, ni mtoto gani hajawahi kusema peke yake mbele ya darasa muhula huu, na nani anajua jina lake? Kibao kipo? Kama kipo, nani atakwenda kumwona mwalimu mkuu, na atasema nini akifika? Mwafanye mazoezi ya maneno hayo kwanza, mmoja akiwa mwalimu mkuu. Na mjumbe wetu kiwandani akifundisha wenzake yale maneno matatu ya Kiingereza, ni saa ngapi ya zamu inayofaa, kabla ya kuingia au wakati wa chai?